Darasa la Muziki Lenye Wanafunzi 72 na Hakuna Ala Hata Moja

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya kutwa, Mbagala. Mwaka huu mkuu wa shule amenikabidhi pia somo la muziki, Kidato cha Kwanza na cha Pili, kwa sababu anajua naongoza kwaya kanisani. Darasa moja lina wanafunzi 72, vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, na hatuna ala yoyote. Nilianza kwa nota ubaoni, wiki ya tatu wakachoka. Nikahamia nyimbo za kwaya: wavulana wamefunga midomo, na wazazi wawili wamekuja kulalamika. Mwalimu wa darasa la jirani anasema tunampigia kelele. Juu ya hayo, mkuu anataka tutumbuize kwenye mahafali. Nianzie wapi, na nitawapimaje?

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Swali lako nimelisoma mara mbili, na yaliyonigusa zaidi ni yale maneno kwamba wavulana “wamefunga midomo”. Nitayafikia kwa kirefu, maana kwangu yana uzito kuliko ala na kuliko kelele. Ila kwanza tukubaliane jambo moja.

Kwaya ni watu waliojileta. Anayejiunga anajua ana sauti, au anatamani kuwa nayo, na asiyemudu huacha kuja mazoezini bila kuaga. Darasani hakuna aliyejileta. Hao 72 wamepangiwa muziki kama walivyopangiwa hisabati. Kazi yako si kuwachambua upate ishirini wanaoimba vizuri. Kazi yako ni kuona kila mmoja kati yao anafanya muziki kwa mwili wake mwenyewe, kisha anajua alichokifanya kinaitwaje. Asikie, afanye, ndipo apewe jina. Wewe ulianza na jina.

Hili unalijua tayari kutoka kwenye somo lako. Mtoto anaingia Kidato cha Kwanza akisema “kiti changu kimevunjika” bila kukosea upatanisho hata mmoja, ndipo wewe unamwambia kwamba hiyo ni ngeli ya KI-VI. Hukumfundisha ngeli ili aweze kusema. Ulimpa jina la kitu ambacho tayari kilikuwa mdomoni mwake. Na watoto wa Mbagala wanakuja shuleni na muziki tele mdomoni na miguuni. Wanajua singeli, wanajua kaswida, wanajua mapambio, wanajua nyimbo za mpirani. Babu zao wa Kizaramo waliucheza mdundiko unaotembea mtaa hadi mtaa, na wazee wa Dar es Salaam bado wanasimulia jinsi watoto walivyoufuata hadi wakapotea, wakatafutwa na wazazi wao usiku. Mtu anayeweza kufuata ngoma hadi akapotea hahitaji kufundishwa pigo ni nini. Anahitaji kuonyeshwa kwamba analo.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza, futa ubao. Watoe nje chini ya mti, wasimame duara mbili, moja ndani ya nyingine. Watembee mahali pamoja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila haraka. Hayo ni mapigo. Usiyataje jina bado. Juu ya miguu hiyo, piga makofi mafupi ya mapigo manne, nao wakujibu hivyohivyo. Badilisha. Baada ya dakika tano mwite mwanafunzi achukue nafasi yako. Kwenye ngoma zetu kiongozi huyo anaitwa manju, na mimi huwaita hivyo hivyo darasani. Kila kipindi awe manju mpya, na usichague wachangamfu peke yao.

Wakishatulia kwenye miguu, wape zoezi hili. Waambie waseme “njoo, karibu” wakivuta kidogo “njoo” na ile “bu” ya mwisho: njooo-ka-ri-buu, njooo-ka-ri-buu, bila kusimama katikati. Wakilishika, mkono wa kulia upige paja kwenye “njoo”, “ka” na “bu”. Mkono wa kushoto upige kwenye “njoo” na “ri”. Polepole sana. Kelele za kufurahi zitakapotokea ujue wamefika: mkono mmoja unapiga tatu katika muda uleule ambao mwingine unapiga mbili. Ngoma nyingi za kwetu zimesimama juu ya mgongano huu wa tatu na mbili. Chakacha ya pwani ni mfano wa karibu. Sasa ndipo uandike ubaoni, tatu juu, mbili chini, na watakuelewa kwa sababu mapaja yao yamekwisha kuelewa.

Kipindi kinachofuata wapimie kasi. Mmoja ashike saa, wengine wahesabu mapigo kwa sekunde 15, wazidishe kwa nne. Anza na wimbo wa taarabu wa zamani, kisha singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika. Watacheka, watabishana, watahesabu tena. Singeli ilizaliwa kwenye mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, na vijana walioianzisha walichukua vinanda vya taarabu wakavikimbiza. Mwanafunzi akijua hivyo, anaacha kudhani kwamba muziki wa mtaani kwao si muziki wa kusomwa. Chagua biti tupu, au usikilize maneno yote nyumbani kabla hujaingia nayo darasani. Mashairi mengine hayafai.

Sasa wavulana.

Umri wa Kidato cha Kwanza na cha Pili ndio hasa umri wa sauti kuvunjika. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti ya mvulana inashuka kwa takriban oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini. Haishuki kwa siku moja. Kuna miezi ambayo mtoto hajui akifungua mdomo itatoka ipi, ya jana au ya kesho. Nota alizozimudu juu zimeondoka, za chini hazijakaa sawa, na anachobaki nacho pengine ni nota tano au sita zisizomsaliti. Halafu wewe, kwa nia njema kabisa, unampa wimbo wa kwaya. Sauti ya kwanza iko juu mno kwake, na besi ya watu wazima iko chini mno. Mbele ya wasichana 40. Ningekuwa yeye, nami ningefunga mdomo.

Wasichana nao hubadilika, jambo ambalo walimu wengi hawalisemi. Sauti yao hushuka kidogo tu, kama nota mbili tatu, lakini kwa kipindi fulani huwa nyepesi na yenye hewa nyingi inayovuja. Msichana ambaye mwaka jana aliimba kama kengele anaweza kukudhania umemchukia pale usipompa tena sehemu yake. Mwambie kinachotokea.

Nina kisa kimoja ambacho sijajisamehe. Miaka yangu ya mwanzo, siku moja kabla ya wageni kuja, nilimwambia mvulana wa Kidato cha Pili asogeze midomo tu, asitoe sauti, ili wimbo usiharibike. Alitii. Hakuimba tena mbele yangu hadi anamaliza Kidato cha Nne. Wimbo ule siukumbuki, na wale wageni siwakumbuki. Yeye namkumbuka. Tafadhali usimwambie mtoto yeyote maneno yale, hata kama sauti yake inakwaruza kama mlango.

Unachoweza kufanya badala yake ni hiki. Waeleze wote, wavulana na wasichana pamoja, kile kinachotokea kooni, kwa lugha ya sayansi tu, kama mwalimu wa baiolojia angefanya. Aibu nyingi huisha hapohapo. Kisha waimbe wote wimbo wanaoujua, kwa sauti ya katikati, nawe upite kati yao taratibu ukitega sikio. Yule unayemsikia anaimba oktavu ya chini, mguse bega. Walioguswa ni kundi la sauti iliyokwisha kushuka. Pita mara ya pili uwatafute wale wanaoruka huku na huko. Hao ndio walio katikati ya safari, na ndio wa kulindwa. Hakuna aliyeimba peke yake, na wewe umeshajua darasa lako ndani ya dakika kumi.

Ukiwa na shaka juu ya mmoja, mwite pembeni ahesabu kurudi nyuma, ishirini, kumi na tisa, kumi na nane, kwa sauti yake ya kuongea. Nota anayoituliza hapo ndiyo nyumba yake kwa sasa. Kundi la katikati watungie vipande vya nota tatu au nne kuizunguka nyumba hiyo: kiitikio kifupi kinachorudiwa chini ya wimbo wote. Muziki wa kwetu wa kuitana na kuitikia umejengwa kwa namna hii tangu zamani, kwa hiyo hawatajiona wamepewa kazi ya wasioweza. Rudia kutega sikio kila baada ya wiki sita hivi, maana sauti ya mtoto mwezi wa pili si ya mwezi wa sita. Na kama wimbo umepanda mno, shusha. Hakuna sheria inayokulazimisha kuuanza pale ulipouzoea kanisani.

Hapo solfa, yaani kuimba kwa do, re, mi, inaingia vizuri, na hapo ujuzi wako wa kwaya utakufaa sana, kwa sababu katika solfa “do” haina makazi ya kudumu. Inakaa pale sauti za watoto zinapoweza kuishi. Waonyeshe ishara za mikono alizozitunga John Curwen wa Uingereza karne ya 19, ambazo baadaye wafuasi wa mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria walizieneza shuleni: “do” ni ngumi usawa wa tumbo, “mi” kiganja kimelala kuangalia chini, “so” kiganja kimekugeukia kifuani, “la” mkono unaoning’inia kama tawi. Anza na so na mi peke yake. Wiki ijayo ongeza la. Kisha do na re. Kaa kwenye hizo tano muhula mzima, usiwe na haraka na fa na ti. Waambie pia kwamba Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake tunaiimba kila asubuhi kama Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa solfa, zile herufi zilezile za d, r, m. Kwao haya si mambo ya kigeni, yapo mstarini kila siku bendera inapopanda.

Ala sasa. Huna, na hiyo haikuzuii. Paja, kifua, kofi, kidole na dawati vinatosha kwa miezi miwili. Madumu na ndoo za lita 20 zitapatikana. Chupa za maji zenye mchele kidogo ndani ni kayamba ya dakika moja. Lakini kuna somo moja nalipenda kuliko yote, na linahitaji chupa tano za soda za kioo na jagi la maji. Tia maji viwango tofauti hadi upate do, re, mi, so, la. Mmoja apulize juu ya mdomo wa chupa: yenye maji mengi inatoa sauti ya juu. Kisha mwingine azigonge chupa zilezile kwa kijiko: yenye maji mengi inatoa sauti ya chini. Darasa zima litasema umekosea. Waache wabishane kabla hujaeleza. Unapopuliza, kinachotetema ni hewa iliyobaki ndani, na maji yakiongezeka hewa inakuwa fupi, basi sauti inapanda. Unapogonga, kinachotetema ni kioo, na maji yanakitia uzito, basi sauti inashuka. Kwa hiyo chagua mapema utapuliza au utagonga, weka alama ya plasta kwenye kila chupa, zisimamishe juu ya khanga iliyokunjwa, na uongeze maji kabla ya kila kipindi kwa sababu joto letu huyapunguza.

Sauti hizo tano zina baraka yake: mtoto akizigonga kwa mpangilio wowote, hakuna inayogombana na nyingine. Ndiyo maana nawapa hizo kutungia. Wanafunzi sita, chupa tano na methali moja waliyoichagua wenyewe. Baada ya dakika kumi na tano wana wimbo. Wakimaliza wasikilizishe muziki wa Wagogo, kwa mfano marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma na ilimba yake, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyefundisha pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Ngazi yake, yaani mpangilio wa sauti zake, ni ya sauti chache, karibu na hizo tano, ila nafasi zake hazilingani na za kinanda. Mwanafunzi mmoja hakika atasema ala imekosewa kufungwa. Haijakosewa. Kipindi hicho kinajitosheleza, na Bagamoyo si mbali sana kutoka kwenu, siku shule ikipata basi.

Kusikiliza kuwe na kazi, kusiwe kukaa kimya. Simu yako na sabufa ndogo vinatosha. Chukua wimbo wa muziki wa dansi wa bendi za hapahapa Dar es Salaam, Msondo ambao asili yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, au Mlimani Park iliyoanza 1978. Gawa darasa: hawa wafuate besi tu, hawa gitaa la solo, hawa tumba, hawa tarumbeta. Wote wasimame wanapohisi wimbo umeingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka kwa kucheza. Mara ya kwanza watasimama wamechelewa. Mara ya tatu watasimama kabla, kwa sababu wamejifunza kusikia ishara ya ngoma inayotangulia. Huko kusikia ndiko ninakokutaka.

Kuhusu wazazi waliolalamika, nakuomba uwasikilize kwa dhati. Darasa la Mbagala lina watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na nyimbo za kwaya peke yake zinamwambia nusu ya darasa kwamba hapa si kwao. Si lazima uziache. Ziwe na sababu ya kimuziki, na siku nyingine iwe kaswida na dufu, siku nyingine ngoma. Ila kuwa makini na mambo mawili. Kisomo cha Kurani, hata kikiwa na mahadhi matamu kiasi gani, si wimbo, usikiite wimbo na usimwombe mtoto akifanye mfano wa somo. Na nyimbo za unyago na jando zina wenyewe na zina mahali pake. Mtoto akizileta darasani, mshukuru kwa upole na umwelekeze kwingine. Zipo familia zisizokubali ala kabisa. Mtoto wa familia hiyo ana makofi, ana sauti, na anaweza kuwa manju bila kushika chochote.

Kelele: nenda umwone huyo mwenzako kabla hajakwenda kwa mkuu. Muulize vipindi vyake vya mtihani, siku hizo fanya vidole na kusikiliza. Siku nyingine nenda nje. Na darasani uwe na ishara moja ya ukimya, mkono juu na ngumi, isiyohitaji wewe kupaza sauti. Ukipaza, umewafundisha kupaza.

Kupima ndiko walimu wengi wanakorudi kwenye majina ya nota, kwa kuwa ni rahisi kusahihisha. Jizuie. Chukua daftari la kawaida lenye majina 72. Kila kipindi, dakika nane za mwisho, wasikilize sita. Kwa vipindi viwili kwa wiki umemsikia kila mtoto ndani ya wiki sita, na muhula unakuruhusu kumsikia karibu mara mbili. Angalia manne: anashika mapigo wakati wenzake wanapiga kitu kingine? Anarudisha kofi la mapigo manne alilolisikia mara moja? Ametunga kipande chake, hata cha nota tatu, na kukirudia vilevile? Anaweza kusema kwa maneno yake alichokisikia kwenye wimbo? Andika “tayari”, “karibu” au “bado”. Uzuri wa sauti usiupe alama hata moja. Mvulana ambaye koo lake liko katikati ya safari hawezi kufeli kwa sababu ya mwili wake kukua. Ukilazimika kutoa mtihani wa karatasi, yale aliyoyafanya kwa mkono atayaandika.

Na mahafali. Usimkatalie mkuu, ila usimwahidi kwaya. Mwambie utampa dakika nane. Darasa zima liingie likitembea, kushoto, kulia, kama mdundiko. Kundi la kwanza lianze njoo-karibu kwenye mapaja, mengine yaingie moja moja juu yake, chupa tano zipige wimbo mmoja waliotunga wenyewe, na chini kabisa wale wavulana wenye sauti zilizoshuka washike kiitikio cha nota tatu bila kukiacha hadi mwisho. Msichana awe manju. Wewe kaa pembeni na wageni. Anza mazoezi wiki nne kabla, si mapema zaidi, na yafanyike ndani ya vipindi vyako vilevile, ili hata mtoto anayewahi daladala jioni awemo.